Wanne wa Pembeni

Kutaisi, Januari, umeme umelala tena.
Jiko la kuni linakohoa kwenye kona
na Mwalimu Tsiala ameishika chaki kwa glavu.
Hesabu ameitunga mwenyewe, kutoka madaftari ya vilabu:
darasa lina wanafunzi thelathini na mmoja,
kumi na saba hucheza sataranji,
kumi na tisa huimba kwaya.
Ni wangapi wafanyao yote mawili?

Malkhazi hata kalamu hakugusa.
Jumlisha: thelathini na sita.
Toa thelathini na mmoja.
Watano! Akaketi, masikio yamemwiva kwa fahari.
Mwalimu akaandika tano
pale miduara miwili inapopandana,
pale penye umbo la jicho.

Kisha, sijui kwa nini, pengine kutupasha moto tu,
akasema: wa yote mawili, mikono juu.

Tisa.
Akahesabu tena, akianzia dirishani.
Tisa.

Malkhazi akalalamika kwamba kuna waongo.
Hapakuwa na mwongo.
Palikuwa na swali ambalo hakuna aliyeliuliza:
je, kila mtu yumo?

Akaifuta tano kwa mkono wa sweta.
Tisa ndani ya jicho,
nane wa sataranji peke yake,
kumi wa kwaya peke yake.
Ishirini na saba, jumla.
Na vinywa thelathini na kimoja
bado vinatoa mvuke.

Nunu, anayemgeuza bibi yake kitandani kila alasiri.
Gocha na Zaali, pacha, wenye kuokota kuni ukingoni mwa Rioni
(moja lao ndilo lililokuwa likikohoa jikoni).
Na mimi, wa mbegu za alizeti stesheni,
kipimo glasi ya chai, ikijaa hadi shingoni.

Hakututaja. Hakutuinua mikono, namshukuru mpaka leo.
Alichora mstatili kuizunguka miduara yote,
polepole, chaki ikilia,
na pembeni, chini kulia, akaandika nne.
"Msipouchora huu," alisema, "jibu lenu litakuwa safi
na litakuwa la uongo."

Nikanakili.
Daftari ninalo bado, karatasi imegeuka rangi ya chai.
Tisa yangu ni ndogo, imebanwa ndani ya jicho.
Nne nimeikoleza mara mbili, tatu,
hadi penseli ikatoboa upande wa pili.