Kidole Gumba Juu ya Ramani

Bosi ameniachia mezani karatasi mbili,
moja ya zamani, moja tupu,
na kauli aliyoitoa akiwa tayari mlangoni:
"Chora na ile nyingine, Mashauri. Mpaka ukipita mtoni.
Wapatanishi wakiulizia, tuwe nayo.
Kwa penseli tu."

Kwa penseli tu.
Mizani ni moja kwa milioni mbili.
Nimeweka kidole gumba kaskazini ya mto
na nchi yote inayogombewa imezama chini yake:
Kakunyu, Minziro, Mutukula,
shule, majosho ya ng'ombe, ghala la kahawa.
Nikiinua kidole, vinarudi.

Ule mstari wa juu nao, tuseme ukweli, hatukuupiga sisi.
Waliupiga kwa rula watu wa Ulaya wasiofika,
ukapita kati ya mgomba na mgomba wa mtu mmoja.
Hapa dirishani naliona Jiwe la Bismarck,
limesimama majini na jina la mtu
ambaye maji ya ziwa hili hayakumlowesha hata kisigino.
Basi tunalilia nini? Rula ya nani?

Hayo nilimwambia Mama Ngollo, jirani yangu wa Igogo,
naye anaanua dagaa kabla ya mvua.
Hakuinua uso.
"Wape. Wape leo, wasisubiri kesho.
Lushinge nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili,
hiyo Kakunyu sikuizaa.
Alipanda meli ya Bukoba na viatu visivyomtosha.
Ardhi itakaa palepale, hata ikiitwa ya nani.
Lushinge hakai."

Nilikosa la kumjibu.

Kokushubila alikuwepo, yule aliyepewa chumba cha uani;
alifika na kitenge, watoto watatu na ufunguo.
"Niliacha ndizi shimoni," alisema,
"nimezifukia ziive, za pombe ya posa ya mdogo wangu.
Leo siku ya ishirini na tatu. Zimeoza, najua.
Sizililii ndizi.
Nauliza tu: nikitaka kwenda kufukua uozo wangu,
nitampigia nani hodi?"
Kisha, taratibu, kama anayehesabu chenji:
"Ukimpa nyanda atataka dhiraa, hilo mnalijua.
Mimi niliwaona wakipita. Hawakuuliza mto uko wapi.
Waliuliza ng'ombe wako wapi.
Mkimpa mpaka mtoni, atakunywa huku anatazama ng'ambo.
Na huo mto unamwaga humuhumu
mnamofulia nguo."

Mvua ikashuka.
Akashika ncha moja ya turubai, Mama Ngollo akashika nyingine.
Hawakukubaliana.
Dagaa hawakulowa.

Sasa ni usiku, ofisini niko peke yangu.
Nimeuchora. Kwa penseli, kama nilivyoagizwa,
mwembamba, ukiifuata kila kona ya mto.
Ni mzuri kuliko ule wa rula, na hilo linanitia hofu.
Mkono ulizoea upesi.
Ulipofika ziwani ulitaka kuendelea,
nikajikuta nauzuia kwa mkono wa kushoto.

Nimechukua raba, nimefuta.
Ukiinamisha karatasi kwenye taa
bado unauona, kama kovu la ndui.

Kesho nitamwambia bosi sikuweza.
Nitasema kwa sauti nene, kifua mbele,
kwamba nchi haikatwi kama kitambaa cha dukani.
Huenda ni kweli. Naamini ni kweli.
Sitamwambia kwamba mwanangu Luhende ana miaka tisa,
na viatu vyake vinamtosha,
na kwamba ndiyo maana hesabu hii
inanitoka upesi namna hii.

Bandarini meli inapiga honi.
Sijui kama inaondoka au inarudi.
Ng'ambo ya ukuta, Igogo yote imenyamaza,
inasikiliza.