Gede Hawamo

Ratiba ilibandikwa Jumanne kwenye mlango wa bwalo,
karatasi mbili zenye nembo ya mdhamini mpya.
Nikaisoma kwa kidole chenye grisi,
toka juu hadi chini, toka chini hadi juu.
Voi wamo. Taveta wamo. Hola wamo.
Kuna chuo cha Mwatate sijapata kukisikia.
Gede hawamo.

Nikadhani nimeruka mstari.
Nikamwita Luvuno, golikipa, mwenye macho ya ujana.
Akasoma, akanirudishia kimya kimya
kama daktari anayerudisha picha ya eksrei.

Wakubwa wameketi hotelini, wameigawa pwani upya.
Gede wamepelekwa Ukanda Mkuu, na vyuo vya Mombasa,
kwa kuwa uwanja wao una jukwaa, na jukwaa lina kivuli,
na kivuli, nasikia, kinapendeza kwenye runinga.
Sisi wa Sabaki tumetiwa Kanda ya Ndani.
Ndani ya nini? Kibanda changu kiko Barani, sawa,
lakini hilo ni jina tu la mtaa:
chumvi ya bahari inakula rimu zangu kila siku.

Mimi ni fundi baiskeli.
Miaka kumi na tisa, Ijumaa ya kuamkia mechi,
nimeziba pancha bure kwa kila mwenye skafu ya kijani.
Kilomita kumi na sita hadi Gede.
Tulitoka alfajiri, hamsini, sitini, kengele zikilia,
msitu wa Arabuko mkono wa kulia,
na mtu mmoja lazima kabeba jogoo wa dau.

Na kule, penye kibendera cha kona,
alikuwa akinisubiri Jumwa wa Kitsao, mpishi wa chuo,
sauti kama bati linaloburutwa:
"Fundi! Timu yako imepata pancha!"
Kila mwaka hilo hilo. Kila mwaka najifanya sikusikia,
kisha usiku nalala nikitafuta jibu.
Mke wangu alipofariki
alituma pishi mbili za mchele na ujumbe:
"Kula. Nataka ukifungwa uwe na nguvu za kunisikia."

Asiyekujua hakuthamini, husema watu.
Mimi naongeza: hawezi hata kukutukana ukatukanika.
Taveta wataniambia nini?
Nisafiri siku nzima kwenda kuchukiwa na wageni,
kwa nauli ya tairi nne mpya?

Katibu wa ligi alikuja kutueleza. Kijana mzuri, viatu safi.
Akasema upanuzi, akasema soko, akasema fursa.
Akatundika ramani.
Nikamwuliza: mwanangu, mistari hii uliichora kwa rula?
Akasema, kwa kompyuta.
Nikamwuliza: ushawahi kwenda Gede kwa baiskeli?
Watu wakacheka, naye akacheka,
na ramani ikabaki pale pale ukutani.

Jumamosi ya pili ya Juni ilikuwa yetu.
Ratiba mpya yasema: mapumziko.
Mwili hausomi ratiba. Nikaamka gizani,
nikajaza magurudumu, nikashika njia peke yangu,
kusi ikinipiga usoni.

Lango lina kufuli. Nyasi zinaandaliwa wageni wa Mombasa.
Nje ya ua wa waya, usawa wa kibendera cha kona,
Jumwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
skafu yake nyekundu shingoni.
Hatukusalimiana. Hatujawahi.
"Umechelewa," akasema.
"Upepo."
Tukamtazama mtu wa mashine akikata nyasi,
akienda, akirudi, akienda.

Baadaye sana akaliangalia gurudumu langu la nyuma,
akaanza kucheka, akashindwa kumaliza.
"Fundi," akasema.
Nikageuka. Tairi imekaa chini.