Mgao wa Umeme, Mtaa wa Kiusa

Saa nne na robo overloki ikakohoa, ikanyamaza.
Sketi ya shule ya binti wa Mama Ndekirwa
imebaki na pindo nusu, mdomo wazi.
Tangu Krismasi nawaambia wateja sina nafasi,
sina nafasi, hata mchungaji nilimjibu hivyo.
Leo nafasi imeletwa na mgao.

Shafii, mpiga pasi wetu, amekalia robota la kitambaa.
Alisoma chuo Majengo, na ana ugonjwa
wa kufumua maneno kama mshono,
atafute aliyeushona.
Nafasi, anasema, na nafsi ni ndugu,
wamezaliwa na pumzi.
Kumbe Januari nzima
nilikuwa natangaza msiba wangu mwenyewe.
Nikacheka. Halafu nikaacha.

Lakini hajui yote.
Pumziko halikuja na jahazi la mtu, namwambia,
hilo letu: pumua, pumzi, pumzika,
kifua kikishuka baada ya mlima wa Kibosho
na mkungu kichwani.

Burudani ni ubaridi, anasema,
na kidole chake kinaelekea Kibo,
iliyojifunika blanketi hadi shingoni.
Sawa, nasema, ila haijawahi kunilipia kodi ya fremu.

Likizo ananiachia mimi.
Nilimlikiza Ndeanasia ana miezi kumi na minane,
nikapaka shubiri kwenye titi.
Alilia siku tatu, mimi nne.
Nani aliyetazama mtoto akinyimwa ziwa
akapata jina la kufunga shule?

Raha, anasema Shafii, akakunjua mkono:
kwa Kiarabu ni mapumziko,
tena ni kiganja.

Nikatazama changu.
Matundu ya sindano, chaki ya bluu,
sugu ya mkasi chini ya dole gumba.
Miaka ishirini na moja natembea na raha
nikiitumia kushikia nguo za watu.
Nikailaza mezani, chali,
haishiki kitu.
Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

Saa sita kasoro taa ikawaka,
mota ikavuma, sikuwa nimeizima.
Mama Ndekirwa mlangoni, mwavuli unachuruzika:
"Sketi tayari?"
"Bado, mama. Nisamehe.
Nilikuwa na nafasi."