Kabla ya Kushuka Newala

Bi Somoe Nandonde hana maneno mengi.
Saa kumi na moja alfajiri, gereji ya Mkuti, Masasi,
amenilaza chini ya tela, mgongo kwenye mchanga wa dizeli:
"Vuta hiyo waya."
Tangi likapiga chafya.
Maji ya kutu, mafuta kidogo,
harufu ya koti lililolala na unyevu.
"Haya ndiyo yanayokula vali. Usipoyatoa wewe,
yatajitoa yenyewe, mahali yanapopenda."

Kisha tukakaa kuitazama geji.
Kompresa inahema,
mshale unapanda polepole kama akiba ya maskini,
baza inapiga makelele.
"Mwache alie. Anasema kweli.
Ukikuta dereva amekata waya wa baza,
shuka, panda basi."

Povu la sabuni kwenye kila kiungo cha hosi.
Palipovuja likavimba jicho dogo,
likapasuka.
Spana namba kumi na tisa.
"Na hosi yenyewe itazame inaposugua chuma."
Niliitazama juujuu.

Mimi nilidhani breki ni mkono unaosubiri kuitwa.
Akagonga busta ya nyuma kwa kifundo cha kidole:
"Humu mna springi. Usiku na mchana
inataka kushika tu.
Upepo ndio unaoibembeleza iache.
Upepo ukiisha, haiombi ruhusa.
Usiifungue kamwe. Taya la Chinguile unaliona lilivyokaa."

Nimeliona.

Newala tukapakia korosho, magunia mia tatu na hamsini.
Kona ya tatu ya mteremko
hosi nyekundu ikachanika
kwa sauti ya kanga mpya inayokatwa pande mbili.
Tairi za tela zikaandika lami.
Vumbi letu likatupita,
likaendelea na safari peke yake.
Gari likasimama, limejipinda kidogo,
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Mguu wa Mnali ulikuwa bado hewani,
pedali hajaigusa.
Chini yetu mikorosho, paa la bati,
mtu anaanua nguo zake kwenye kamba
bila kutazama juu.

Nikashuka na kabari za mbao, nikazipigilia
kwenye magurudumu yasiyokwenda popote.
Mikono ilianza kutetemeka baadaye,
nilipoishika ile hosi
na kuona palipolika: upande wa ndani,
upana wa kucha.

Tukafunga ya akiba. Injini ikawaka, baza ikaanza.
"Izime hiyo," Mnali akasema, "inanipasua kichwa."
Nikamwambia,
mwache alie.