Nambari ya Ndani 31

Bwana Hruška alibwaga rundo mezani pangu
hata koti hajavua, theluji ya Jihlava ingali mabegani:
"Zdenka, nataka jina.
Kuna mtu humu anaila simu yetu usiku."

Rundo lenyewe ni umbea wa kisanduku cha kijivu
kilichopigiliwa ukutani karibu na choo.
Kila simu iingiayo na itokayo katika kampuni yetu ya lifti
hukiandika, hakipumui, hakiweki hata koma:
1411021731T040000380568…
Kurasa mia na sita za hivyo.
Ukizitazama kwa mbali utadhani ni mvua.

Nikafungua jedwali.
Nikakata kwa upana, tarakimu kwa tarakimu,
kama mama alivyokata tambi za supu ya Jumapili:
nne za tarehe, nne za saa, mbili za nambari ya ndani,
T na laini yake, sita za sekunde,
zilizobaki ni za aliyepigiwa.

Jedwali nalo lina ujuaji wake.
Sifuri za mwanzo lilizimeza zote, ulafi tu.
Dakika tatu na sekunde kumi na mbili
likaapa kwamba ni tarehe tatu Desemba.
Nikaliambia: haya ni maandishi,
haya pia ni maandishi,
usihesabu mpaka uambiwe.
Saa sita mchana likatii.

Kisha majina. Orodha ilikuwa imegandishwa
chini ya kibodi ya mapokezi, mwandiko wa Vlastimil wa stoo;
nusu ya waliomo wamestaafu, mmoja yuko makaburini.
Nikaiandika upya, fomula ikawa inachungulia huku, inajibu kule:
12, Libuše, uhasibu.
17, Otakar, mafundi.
Na 31? Kosa. 31? Kosa.
Safu nzima ikawa nyekundu.
Ofisi ilikuwa imeshamtia Libuše hatiani,
maana ana mchumba Ostrava.

Nikapiga 31.
Mlio ukatokea stoo, nyuma ya kabati.
Tukasukuma, tukaikuta faksi
imevaa vumbi kama kofia ya manyoya,
imeng'ang'ania agizo moja la mwaka 2011:
kamba za chuma, milimita kumi na tatu, mita mia mbili,
tafadhali thibitisheni.
Kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, kila dakika tano,
inamtafuta mtengenezaji aliyefilisika zamani.
Nambari yake sasa ni ya duka la mikate;
mashine ya kujibu inapokea, inakaribisha wateja,
yetu inapiga mayowe sekunde thelathini na nane,
zinaachana bila kuelewana.

Hruška alicheka mpaka akakohoa.
Waya aliuchomoa mwenyewe.
Libuše hakumwomba radhi;
alimwachia chokoleti juu ya kikokotoo.

Kwake kazi ilikuwa imekwisha.
Lakini jedwali likishajifunza kusema
utaliambiaje linyamaze?
Nikachuja: sekunde sifuri. Walioita tusiwapokee.
Nambari moja, inayoishia 44,
mara kumi na saba tangu Agosti,
daima Jumanne, kabla hatujafungua.
Nikaipiga, moyo umenikaa kooni:
nani amekwama, ghorofa gani?

"Hatimaye!" akasema Bibi Drahomíra.
"Lifti haina tatizo, mwanangu.
Ngazi yenu ndiyo. Mliiacha mlangoni kwangu,
nimeanza kuanikia soksi."

Otakar alishakatwa mshahara kwa ngazi hiyo.

Nikarudi kwenye safu ya mwisho, ile isiyo na kichwa,
mbele ya mistari kumi na saba,
nikaandika: ngazi.