Mkopo wa Chumba cha Pili

Nesi wa Ibra aliniambia:
wa kwanza katoka analia,
wa pili katoka anatazama.
Miaka tisa sasa, sijapata maelezo bora.

Bi Nunu, mama mkwe, ambaye Kiarabu chake
bado kinachechemea tangu alipoteremka kutoka Unguja,
akawaita Kulwa na Doto
kabla wino wa vyeti haujakauka.
Vyetini: Shinuna na Zayana.
Shinuna, nyumba nzima inajua alipo.
Zayana humtafuti kwa sikio.

Shinuna hula tende, kokwa akatema popote.
Mwenzake hupita nyuma, anaokota,
anahesabu, anatia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Nikamuuliza: za nini?
"Zake," akasema,
kama vile swali langu ndilo la ajabu.

Kwenye falaji mmoja huruka na sare ya shule,
mwingine hukaa ukingoni
amepakata viatu vinne.

Jumatano, soko la wanawake,
Shinuna huteta bei kwa Kiarabu,
akishindwa hutukana kwa Kiswahili,
na yule bibi wa Kibedui muuza barakoa, asiyeelewa neno, hucheka.
Zayana hulipa. Baisa mia tatu, kamili,
ameshazikunja kwenye leso tangu nyumbani.

Mimi nilidhani ulezi ni mizani ya dukani:
nipunguze huku, niongeze kule.
Wewe, shusha sauti. Wewe, pandisha.
Wakaitika "Labeka, mama," kwa pamoja,
kisha kila mmoja akarudi kwenye umbile lake
kama mkeka uliokunjuliwa ukajikunja.

Lakini vita vya kiyoyozi vilitushinda.
Julai, usiku, ukuta unachoma kama tanuri,
Shinuna anataka kumi na nane,
Zayana anataka kizimwe, na blanketi juu.
Rimoti ikafichwa. Rimoti ikaumwa meno.
Rimoti ikapatikana ndani ya gunia la mchele.

Mundhiri akaenda benki.
Akaja fundi kutoka Chitagongi, mpole, mwenye kikohozi,
akajenga chumba cha pili kwa miezi mitatu.
Mlango wa Shinuna tukaupaka manjano, kachagua mwenyewe.
"Na wako?" nikamuuliza Zayana.
Akautazama ukuta mpya muda mrefu.
"Rangi yoyote," akasema. "Mimi sikuomba mlango."
Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nahesabu mabati ya rangi.

Wakahamia usiku wa kuamkia Idi.
Bi Nunu akawapaka hina baada ya isha:
Shinuna hakutulia, maua yake yakawa madimbwi;
Zayana kakaa viganja juu, kama anaomba dua.
Tukafunga milango miwili.
Nikalala, Mungu anisamehe, kama mtu aliyemaliza kazi.

Alfajiri, natoka kutawadha,
nikajikwaa.
Godoro moja, katikati ya ukumbi,
milango yote miwili wazi:
kushoto baridi inatoka, kulia joto,
na wao pale yanapokutana.
Shinuna ametawanyika.
Zayana amejikunja kama sambusa.
Shuka moja, nusu imetupwa, nusu imeng'ang'aniwa.
Na mikono imeshikana tangu hina ikiwa mbichi,
maana kwenye kiganja cha Shinuna, juu ya madimbwi,
ua la Zayana lilikuwa limejichapa,
kinyumenyume, jani kwa jani.

Mundhiri akasimama nyuma yangu, kanzu haijafungwa kifungo.
"Riale tisini," akanong'ona. "Kila mwezi."
"Nyamaza," nikamwambia, maji yananidondoka viwikoni.
Tukawavuka, mmoja mmoja, kama wezi.

Mwezi huu tumelipa awamu ya kumi na moja.
Chumba cha pili kina ubao wa pasi,
viatu vinne, kopo la kokwa.
Mlango wake haufungwi usiku.
Ukiufunga, mmoja wao hupiga kelele mpaka jirani awashe taa.
Si yule unayemdhani.