Sahihi ya Kesho

Ibra, Jumatano, saa tatu na robo.
Chini wanauza mapazia, juu wanang'oa meno.
Ngazi zinanuka karafuu, si ya pilau,
na ulimi wangu, bila kutumwa,
ukaenda wenyewe kuligusa gego la nyuma.

Sikupiga simu. Ndiyo kanuni ya kazi yangu:
mgeni wa ghafla hukuta kilichopikwa.

Kwenye viti, wanawake wanne wametoka soko lao la Jumatano.
Mmoja ameshika shavu
kama anayezuia mlango usifunguliwe.

Daktari Hamyar alisoma jina langu kwenye kitambulisho,
akakiacha Kiarabu pale pale:
"Karibu, mwanangu. Kwenu wapi, Wete?
Mie nimezaliwa Tabora. Binsi, lete kahawa."
Ahsante, nikasema, kahawa baadaye.
Nikavaa glovu.

Nilianza na maji ya kekee. Nikayaacha yatiririke dakika mbili,
nikajaza kichupa.
Tarehe za ganzi: nzima.
Sanduku la sindano limejaa hadi mdomoni,
moja imetoa kichwa, inachungulia nani kaja.
Nikaandika.
Ngozi ya kiti imepasuka pale panapolala kisogo.
Nikaandika.
Na haki niseme: nilisimama kando
akimtibu yule mwenye shavu, na mikono yake ilikuwa mizuri.
Kila kitu alikisema kabla hajakifanya.
Sasa utahisi baridi. Sasa nasukuma.
Inua kidole ukitaka nisite.
Hilo nalo nikaliandika.

Kisha daftari la mtungi wa mvuke.
Kila siku na sahihi yake, kalamu ile ile ya buluu,
mkono ule ule usiougua, usiochelewa,
unaofanya kazi hata Ijumaa milango ikiwa imefungwa:
Jumatatu. Jumanne. Jumatano.
Alhamisi.
Nikarudi nyuma. Nikatazama simu yangu.
Kesho ilikuwa imeshatiwa sahihi.

Lugha yetu ina mzaha wake.
Sahihi ni jina lako ulilolichora,
sahihi ni jambo lisilo na kosa.
Ukurasa mzima wa sahihi,
na sahihi hamna.

Nikachana pakiti ya koleo. Utepe wake
ulipaswa kuwa mweusi kama wanja.
Ulikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Binsi akavitazama vigae.
Imeharibika tangu mwezi uliopita, alisema
kwa Kiarabu chake cha kukatakata. Nilimwambia.
Akasema wewe tia sahihi, fundi anakuja.
Fundi anatoka Maskati.
Siku zote fundi yuko njiani kutoka Maskati.

"Mwanangu," akasema Daktari, "sisi si watu wamoja?"

Ni wamoja. Ndipo palipouma.
Miaka tisa mama yangu, Bi Shinuna,
anavuka milima kutoka Maskati kuja kukaa kiti hiki,
maana kwa Kiarabu, husema, jino langu linauma tu;
kwa Hamyar linapwita, linafukuta,
linanipigia hodi sikioni usiku kucha.
Lakini kijidudu kilichobaki kwenye koleo
hakiulizi kwenu wapi.

Nikaufunga mtungi kwa utepe mwekundu.
Nikatia sahihi yangu, ya leo.
Wale watatu waliobaki niliwaambia mwenyewe.
Wawili walinung'unika. Wa tatu akafunga kikoba,
akashuka ngazi na maumivu yake, taratibu,
akishika ukuta.
Fomu yangu haina kisanduku cha kumwandika yule.

Usiku mama akaniuliza habari za Jumapili, miadi yake.
Pamefungwa, mama.
Nani kapafunga?
Nikamwambia.
Akanyamaza muda wa kumenya chungwa zima.
Al-Khoudh kuna daktari, nikasema, vyombo vyake nimevikagua,
vinang'ara, na kijana mwenyewe ana adabu...

"Jino la pembe," akasema mama,
na methali hakuimaliza.
Kiganja kilikuwa kimeshapanda shavuni.